Juu ya Benchi la Kijani

Yako maswali ambayo mtu hudhani ameyajibu tangu utoto wake, hata siku moja yamrudie kwa sura ngeni, ndipo aonapo kwamba hakuyajibu kamwe. Mojawapo ni hili: kumheshimu mzee ni kufanya nini? Mtoto wa shule akiulizwa hujibu upesi: ni kumwamkia, ni kumpokea mzigo, ni kumwachia kiti. Nasi walimu humpa alama zake tukaendelea na somo. Leo twapenda kusimama kidogo katika jibu lile la tatu, la kiti. Maana uko mji mmoja ng'ambo uliojipatia sifa kwa kuwapa wazee viti, viti kwa maelfu, kando ya njia kuu, bila malipo. Habari za viti vile, zikisomwa tangu mwanzo hata mwisho, humfanya mwalimu asite kabla ya kuandika alama ya sahihi.

Mji huo ni St. Petersburg, katika jimbo la Florida, nchi ya Marekani. Umekaa juu ya rasi ya Pinellas. Mashariki yake ni ghuba ya Tampa, na magharibi, kupita visiwa vyembamba vya mchanga, ni Ghuba ya Meksiko. Nchi yake ni tambarare. Katika miezi ile ambayo kaskazini theluji hufunika mapaa na mito huganda, huko jua huwaka kwa upole, kama la pwani yetu wakati wa kipupwe. Jua hilo la majira ya baridi ndilo lililouzaa mji na kuulisha.

Hata kabla haujawako ulikuwa umekwisha sifiwa. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Baltimore, W. C. Van Bibber, alisimama katika mkutano wa madaktari wa Marekani akasema kwamba kama watu wataka kujenga mji wa afya, basi mahali pake ni pale Pinellas. Siku zile palikuwa na mashamba machache, wavuvi, na misitu ya misonobari. Twaweza kusema kwamba mji ulipata tangazo kabla ya kupata nyumba, na tabia hiyo haikuuacha. Mwaka 1888 reli ilifika, imeletwa na Peter Demens, Mrusi aliyehamia Marekani. Na ardhi ilikuwa ya John C. Williams, mtu wa Detroit. Husimuliwa kwamba wawili hao walirusha sarafu ili ajulikane nani atautaja mji. Iwe kweli au iwe ngano, mji ukachukua jina la mji wa ujana wa Demens, na hoteli kubwa iliyojengwa karibu na reli ikaitwa Detroit.

Lakini reli haijilazi yenyewe. Wengi wa walioitandika walikuwa vibarua weusi, na kazi ilipokwisha sehemu yao ilibaki, wakajenga nyumba zao katika mtaa ulioitwa Pepper Town. Tena wao hawakuwa wa kwanza. John Donaldson, mtu mweusi aliyezaliwa katika siku za utumwa, alikuja akakaa katika rasi ile mwaka 1868, akalima na kulea watoto wake huko, miaka 20 kabla ya garimoshi la kwanza kupiga honi. Twamwomba msomaji aliweke jambo hili moyoni: katika mji huu uliojengwa kwa ajili ya wageni, mtu mweusi hakuwa mgeni.

Sasa tuje kwenye viti. Mwaka 1910 mwenye gazeti la jioni la pale, Lew Brown, alitangaza kwamba siku yo yote ambayo jua halitaonekana kabla ya gazeti kupigwa chapa, gazeti litatolewa bure. Akalishika neno lake, na waliomrithi wakalishika, hata gazeti lilipokoma mwaka 1986. Na katika miaka hiyo yote 76 siku za bure hazikufika 300. Twakiri kwamba twampenda mtu huyu. Si wengi wanaothubutu kuweka dhamana juu ya mbingu.

Karibu na wakati uleule, muuza viwanja mmoja, Noel Mitchell, aliona kwamba wageni waendao kwa miguu katika Central Avenue huchoka, wala hawana pa kuketi. Akaweka mabenchi mbele ya ofisi yake, yamepakwa rangi ya machungwa, na juu yake yameandikwa maneno ya biashara yake. Wageni wakaketi, na mtu aketiye kila siku mbele ya ofisi ya muuza viwanja, iko siku ataingia ndani kuuliza bei. Wenye maduka wengine wakaiga, kila mmoja kwa rangi yake na kimo chake, hata njia ikawa kama kanga zilizoanikwa kambani. Ndipo Al Lang, aliyechaguliwa kuwa meya mwaka 1916, alipoleta amri ya kwamba mabenchi yote yawe ya kipimo kimoja na rangi moja, ya kijani. Tangu hapo benchi la kijani likawa alama ya mji. Likapigwa chapa katika kadi za posta zilizotumwa kila upande wa Marekani, na maana yake ilikuwa moja tu: njoni, pana mahali penu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wakaja. Mwaka 1920 mji ulikuwa na watu 14,237. Mwaka 1930 walikuwa 40,425. Wengi walikuwa watu waliokwisha fanya kazi yao duniani: mkulima aliyemwachia mwanawe shamba huko Ohio, mjane wa mwalimu kutoka Michigan, mwenye duka aliyeuza duka lake. Mwanzoni walikuja kwa majira ya baridi tu, kama ndege wahamao, kisha wakabaki. Mwaka 1935 Marekani ilitunga sheria ya kuwalipa wazee pensheni kutokana na michango yao ya kazini, na malipo ya kila mwezi yakaanza Januari 1940; ikawa hata mtu asiye tajiri aweza kuchukua hundi yake akaenda kuketi juani. Mwaka 1960 mji ulihesabiwa watu 181,298.

Watu wengi wameyacheka maisha ya mji ule. Waliuita chumba cha kungojea cha Mungu, kana kwamba wakaao pale hawana kazi ila kungoja jina lao liitwe. Sisi hatuwezi kucheka. Mtu aliyefiwa na mwenzi wake baada ya miaka 40, akahamia mji asiojua mtu, alikuwa na dawa moja iliyo karibu: kutoka nje, kuketi kwenye benchi, na kuulizwa na aliye kando yake, "Watoka wapi?" Hapakuwa na haja ya kujulishwa na mtu wa tatu. Watu wa jimbo moja walikuwa na chama chao, Ohio mbali, Illinois mbali, na siku za mikutano yao walikula pamoja na kupeana habari za kwao. Mwaka 1924 ilianzishwa klabu ya mchezo wa kusukuma visahani kwa fimbo ndefu juu ya sakafu laini, mchezo usiomdai mtu magoti mazuri. Na mwaka 1930 ilianzishwa klabu ya mpira wa gongo ambayo haikumpokea mtu aliye chini ya miaka 75. Walicheza wamevaa nguo nyeupe na tai shingoni. Timu mbili zao zilijiita kwa majina ya watoto. Mzee wa miaka 80 anayekimbilia kituo huku wenziwe wakimpigia kelele si mtu aliyetupwa. Tuseme lililo kweli: pale palikuwa na furaha.

Msomaji wa kwetu atauliza mara moja: na wajukuu wao walikuwa wapi? Ni swali la haki, lakini tusiliulize kwa majivuno. Wako wazee katika vijiji vyetu ambao hawakuachwa kwenye benchi la kijani, waliachwa kwenye kizingiti. Watoto wako mjini. Wajukuu wameletwa kwa bibi si wamtunze, ni yeye awatunze. Fedha hufika kwa simu na salamu hufika kwa simu, mkono haufiki. Tena si kweli kwamba mzee hutaka wajukuu siku zote. Kila mtu hutafuta rika lake. Mzee wa Lamu au wa Mombasa atokapo kwenda kukaa barazani hakimbii nyumba yake. Aenda kwa watu wanaokumbuka yale anayokumbuka, asiolazimika kuwaeleza kila jina. Benchi la kijani lilikuwa baraza ya watu wasio na nyumba nyuma yake. Kama mambo yangeishia hapo, tungeuhesabu mji ule kuwa umelijibu swali letu vema, na kwa mbao tu na rangi.

Hayakuishia hapo. Benchi la kijani halikuwa la watu weusi.

Hapakuwa na haja ya kuliandika jambo hilo juu ya kila benchi. Kila mtu alilijua. Mwanamke mweusi aliyepika katika hoteli, akafua mashuka ya wageni, akamsukuma mzee wa watu katika kiti chake cha magurudumu hata kwenye jua, jioni alipita kando ya safu ya mabenchi matupu akaenda zake nyumbani kwa miguu. Yeye naye alikuwa akizeeka. Na ile sheria ya pensheni ya mwaka 1935, tuliyoisifu punde, haikuwahesabu wafanyakazi wa majumbani wala wa mashambani. Hao hawakuanza kuingizwa hata sheria ilipogeuzwa mwaka 1950. Basi mwanamke huyu alisimama mara mbili: alisimama njiani kwa sababu ya rangi yake, na alisimama jikoni katika miaka ya uzee kwa sababu ya kazi yake. Pumziko la mmoja lilikuwa ni kazi ya mwingine, na aliyelifanya pumziko hakupewa sehemu yake.

Wala asidhani mtu kwamba lilikuwa jambo la desturi ndogo tu, kama kutoa kofia. Mwezi wa Novemba 1914 kundi kubwa la watu lilimtoa gerezani John Evans, mtu mweusi aliyetuhumiwa mauaji, pasipo hukumu yo yote, likamtundika katika njia ya mji na kumpiga risasi. Ilikuwa miaka miwili kabla Al Lang hajawa meya na kuichagua rangi ya kijani. Mwaka 1955 Dk. Fred Alsup na wenzake waliupeleka mji mahakamani kwa sababu watu weusi walikatazwa kuoga katika ufuo na bwawa la mji, ambavyo vililipiwa kwa kodi yao pia. Wakashinda, na mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani ya mji. Hata hivyo, vijana weusi walipokwenda kuogelea mwaka 1958, wakubwa wa mji waliufunga ufuo kwa watu wote, ukafunguliwa mwaka uliofuata. Waliona afadhali bahari isiogwe na mtu ye yote kuliko iogwe na wote. Na mwaka 1961 timu mashuhuri za besiboli zilipokuja, kama kawaida yake, kufanya mazoezi katika jua lile, hoteli zilizowapokea wachezaji weupe hazikuwapokea wenzao weusi wa timu zilezile, ndipo Dk. Ralph Wimbish, aliyekuwa amezoea kuwatafutia wachezaji hao malazi katika nyumba za watu weusi, alipotangaza hadharani kwamba hatafanya hivyo tena.

Hapa twafikia swali lenyewe. Yupo atakayesema: "Mmekwenda mbali. Mji uliwaheshimu wazee weupe, haukuwaheshimu weusi. La pili ni kosa, lakini halilifuti la kwanza. Mtu akiwakuta wenye njaa wawili, akamlisha mmoja, amemlisha mmoja." Tulilifikiri neno hili kwa muda, maana lina uzito. Aliyelishwa ameshiba kweli, na yule mjane wa Michigan alipata faraja ya kweli. Lakini sisi hatuulizi kama alishiba. Twauliza kwa nini alilishwa. Mtu anayemlisha mwenye njaa kwa sababu ya njaa yake, akimkuta wa pili ana njaa ileile, sababu ileile itamshika mkono. Asiposhikwa, na asiposhikwa kwa miaka 50, twajua kwamba njaa haikuwa sababu hata kwa yule wa kwanza. Kadhalika kiti. Kama kiti kilitolewa kwa sababu ya mvi, basi mvi za mpishi zilikuwa mvi. Kama kilitolewa kwa sababu ya miguu kuchoka, hapakuwa na miguu iliyochoka katika mji ule kuliko ya wale waliokatazwa. Basi kilitolewa kwa sababu nyingine. Yakobo katika waraka wake aliwakemea watu wa kanisa waliomwekea mwenye pete za dhahabu mahali pazuri, na maskini wakamwacha amesimama. Hakuwakemea kwa kumpa tajiri kiti. Aliwakemea kwa kuwa, katika kumpa, walikuwa wamekwisha kuwa mahakimu.

Mwingine atasema tusiwahukumu watu wa kale kwa akili za leo, maana hawakujua. Tusingependa kukubali upesi. Katika kila mji wenye benchi la namna hiyo wako watu wanaojua tangu siku ya kwanza kwamba ni vibaya, nao ni wale waliosimama. Dk. Alsup alijua. Dk. Wimbish alijua. Asemapo mtu kwamba siku zile "watu" hawakujua, amekwisha kuwatoa hao katika hesabu ya watu. Wala baraza zetu za pwani hazina haki ya kujisifu mbele ya benchi lile. Zilikuwako siku ambazo muungwana aliketi na mtumwa akasimama, na mwenye kusimama hakuhitaji mwanachuoni amweleze.

Na wale walioketi? Hapa twaona ugumu zaidi. Wema waliotendeana wao kwa wao twauamini: waliulizana hali, walizikana. Ukarimu wa waliowaketisha ndio tunaoutilia shaka. Mtu aliyetoka mbali, akakuta benchi limewekwa, akaketi, hakutenda ovu kwa kuketi. Lakini aliona. Mpishi wake alipita mbele yake kila jioni. Je, katika maelfu yale hapakuwa na aliyejisogeza akasema, "Keti, mama"? Huenda palikuwa, sheria na desturi vilikuwa na mkono mzito kwa ye yote aliyejaribu. Twalitaja jambo hili kwa sababu wengi wetu, tukisoma habari kama hizi, hujiweka kwa urahisi mahali pa aliyesimama. Twafanya vizuri kujiuliza ni benchi gani tuliloketi leo asubuhi, na nani amepita.

Tumesema kwamba sababu ya kiti haikuwa mvi. Mji wenyewe ulileta ushahidi wa neno hilo katika miaka ya 1960. Wazee walikuwa wamezidi kuwa wengi na mifuko yao imezidi kuwa myepesi. Wenye fedha walianza kupata miji mipya ya wastaafu kwingineko. Waliobaki katikati ya St. Petersburg walikuwa wengi wao watu wa pensheni ndogo, wakaao katika vyumba vya hoteli zilizochakaa, walao katika mikahawa ya bei rahisi, watazamao bei ya kila kopo katika lile duka kubwa la Webb, ambalo mwenyewe, James Webb, alizoea kuvuta watu kwa vituko, hata akauza noti ya dola kwa senti 95. Mwaka 1970 karibu theluthi ya watu wa mji walikuwa na miaka 65 au zaidi. Wenye mji wakatazama zile kadi za posta za zamani wakaona haya. Walitaka vijana, walitaka viwanda na ofisi, nao walidhani kwamba kijana akiona safu ya wazee juu ya mabenchi atageuza gari arudi alikotoka. Kwanza wakajaribu kuyabadili mabenchi kwa rangi za kupendeza zaidi. Kisha yakaondolewa.

Msomaji apime. Mzee alikuwa yuleyule, na uchovu wake ulikuwa umeongezeka, si kupungua. Jua lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni faida. Mkono uliomnyima mpishi kiti mwaka 1920 ndio uliomwondolea kiti mjane mwaka 1965 hivi, wala haukuhitaji kujifunza tendo jipya. Na ikawa kwamba katika miaka ileile ambayo sheria ya mwaka 1964 iliwafungulia watu weusi milango ya hoteli na mikahawa, viti vya njiani vilikuwa vikibebwa na magari. Hatudai kwamba moja lilileta lingine. Twasema tu kwamba yule mwanamke, akiwa bado hai, sasa alikuwa huru kuketi pasipo na kiti.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: katika St. Petersburg mgeni hakupewa jembe hata siku ya mia, maana alikuwa akilipa. Huenda ingalikuwa heri kwake kama angepewa. Mwenye jembe ni mtu wa nyumbani. Haondolewi kama kiti. Hili twaliona ndilo kosa lililofichika ndani ya fadhili zile zote: mzee alikaribishwa kama mnunuzi wa jua, akaitikia kama mnunuzi, na siku aliposhindwa kununua hakuwa na neno la kusema. Mpishi alikuwa na neno. Alikuwa amelijenga lile jiji, na baba yake alikuwa ametandika reli yake. Tazama basi nani waliosema. Mwaka 1968 wazoa taka wa mji, karibu wote weusi, waligoma kwa muda wa miezi minne hivi kwa ajili ya ujira wao, wakiongozwa na Joe Savage, wakaandamana tena na tena hata kwenye jumba la mji. Wazee weupe walionyang'anywa mabenchi hatukusikia wakigoma. Wagome nini? Walikuwa wageni.

Mji wa leo haufanani na ule. Una watu zaidi ya 258,000 kwa hesabu ya mwaka 2020, na wenye miaka 65 na zaidi wamekuwa karibu mmoja kati ya watano. Jumba la picha za Salvador Dalí lilifunguliwa mwaka 1982 na kuhamia katika jengo jipya mwaka 2011. Maghorofa marefu yamesimama mbele ya maji. Vijana hujaa katika mikahawa ya Central Avenue, nao hulipa kodi za nyumba ambazo mjane wa pensheni hangezithubutu. Wako hata watengenezao bia waliojiita kwa jina la benchi la kijani, kwa kuwa jambo likiisha kufa huwa pambo. Watu wengine wa mji hulitazama jina hilo wakakumbuka babu akiwa na kofia yake nyeupe. Wengine hulitazama wakakumbuka bibi aliyesimama. Ni rangi ileile, katika njia ileile.

Uko mtaa mmoja ambao habari zake hazijaisha, nao ndio tutakaoutaja mwisho. Watu weusi walikuwa na mtaa ulioitwa Gas Plant, kwa ajili ya matangi mawili makubwa ya gesi yaliyokuwapo pale. Palikuwa na makanisa, maduka, vinyozi, na nyumba zenye vibaraza vya mbele. Waliokatazwa kuketi Central Avenue waliketi hapo. Katika miaka ya 1970 na 1980 waliambiwa wahame, mtaa ubomolewe, ili zipatikane kazi na nyumba bora. Kilichojengwa ni kiwanja kikubwa cha besiboli chenye paa, kilichofunguliwa mwaka 1990, kikakaa hata 1998 pasipo timu ya ligi kuu. Mwaka 2021 mji ulimchagua meya wake wa kwanza mweusi, Ken Welch, ambaye jamaa zake walikuwa watu wa mtaa ule, naye akaapishwa Januari 2022. Mwezi wa Oktoba 2024 tufani iliyoitwa Milton ililichana paa la kiwanja vipande vipande. Mwezi wa Machi 2025 timu ikajitoa katika mapatano ya kujenga upya ardhi ile, ambayo ni ekari 86 hivi. Watoto waliobeba vyombo vya wazazi wao siku ya kuhama wamekwisha kuwa na mvi sasa. Kila mikutano ya hadhara ilipoitishwa kuzungumza juu ya ardhi ile walikuwa wakija, wakaketi, wakangoja zamu yao ya kusema.